Aliyewasha Mtambo wa Gulwe

Makole, Dodoma
Jumamosi, mchana

Mwanangu Yeremia,

Umekwenda mjini kumuaga Fundi Jivraj, nami nimebaki na daftari la dada yako, ambalo nimelichana karatasi za katikati bila kumwomba ruhusa. Nimekaa mlangoni kwenye mwanga. Tangu asubuhi nimekunja blanketi lako, nikalikunjua, nikalikunja tena, nawe ulinitazama ukacheka, ukadhani ni uchungu wa mama ambaye mwanawe anaondoka kesho. Uchungu upo, sikatai. Lakini kinachonisumbua ni hofu, na hofu yenyewe ina miaka kumi na sita.

Sitakuandikia habari za kwinini, wala za kupika, wala za watu wa kukaa nao. Hayo umeyasikia mpaka umechoka. Nataka kukuandikia juu ya Jumatatu tu, siku utakayofungua mlango wa lile banda la mtambo huko Manyoni, kwenye kazi yako mpya.

Ulinieleza kwa furaha. Ulichuchumaa hapa uani ukachora kwa kijiti: hapa kisima, hapa boila ya kuni, hapa pampu inayoendeshwa na mvuke, hapa bomba linalopanda mlimani kwenye tangi, na hapa bomba la pili linalopeleka maji ya moto kwenye nyumba saba za mabwana ili waoge. Ukasema mtambo umelala masika yote, hakuna aliyeugusa, na kwamba wewe ndiye utakayeukagua na kuuwasha. Ulipoanza kuchora duara la boila, nilisema nimesahau kitu jikoni, nikaondoka. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta mpaka ulipomaliza kuchora.

Halafu ikaja Jumapili iliyopita. Tulipotoka kanisani, mzee Yakobo, ambaye zamani alikuwa Gulwe pamoja nasi, alikushika bega akakuambia uwe mwangalifu na mtambo, usije ukafanya uzembe kama wa baba yako. Hakusema kwa ubaya. Watu wa Gulwe wote wanaijua habari hiyo hivyo. Nawe ulimjibu kwa adabu, ukiwa umeinamisha kichwa kidogo kama nilivyokufundisha.

Ulisema, "Mimi si kama baba, mzee. Mimi nina macho."

Nilikuwa nyuma yako hatua mbili. Tukarudi nyumbani, tukala, ukalala usingizi wa mchana, na mimi nikakaa nikikuangalia unavyopumua.

Yeremia, baba yako hakuiwasha ile boila. Niliiwasha mimi.

Nimeliandika. Nimeinuka, nimetembea mpaka kwenye boma na kurudi, na bado limeandikwa. Sasa lazima nikueleze lilivyotokea, usije ukalijua nusu.

Ulikuwa na miaka mitano. Ilikuwa wakati wa vita, na mafuta ya mitambo yalikuwa adimu, kwa hiyo mabwana wa ujenzi waliokuwa wakikaa Gulwe walikuwa wamerudisha kazini boila kuukuu ya kuni. Nyumba zao sita za mawe zilikuwa mlimani. Chini, kando ya mto ule wa mchanga, palikuwa na kisima na banda la mtambo, na nyumba yetu ya udongo ilikuwa mbali nalo kiasi cha mtu kuita akasikika. Fundi Jivraj alikuwa akija kwa treni kutoka Dodoma kila baada ya miezi michache kuukagua mtambo. Yeye ndiye aliyemfundisha baba yako kazi. Danieli alikuwa Mgogo wa kwanza kukabidhiwa mtambo ule bila mtu wa kumsimamia, na alijivunia jambo hilo, ingawa hakulisema. Ungejua tu kwa jinsi alivyokunja mikono ya shati lake asubuhi.

Nilikuwa nikimpelekea uji wa uwele kila siku saa moja. Sikuwa nikiweka kibuyu na kuondoka. Nilikaa. Baba yako alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, lakini mle bandani alisema. Alinionyesha geji ya kupimia nguvu ya mvuke, na mshale wake. Alinionyesha valvu ya usalama inayotoa mvuke ukizidi, akaiinua kidogo ili nijue kwamba haijaganda. Alinionyesha kioo cha maji, kile kibomba cha kioo kilichosimama ubavuni mwa boila, ambacho kinakuonyesha maji ya ndani yamefika wapi. Nilipenda mambo yale, mwanangu. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni miaka minne nikaondolewa niolewe, na tangu hapo hakuna mtu aliyekuwa amenifundisha kitu kipya. Baada ya miaka miwili niliujua utaratibu wote wa kuwasha, kama ninavyojua kusuka nywele za dada yako. Au ndivyo nilivyodhani.

Palikuwa na kitu kimoja alichokuwa akikifanya kabla ya vyote. Chini ya kile kioo palikuwa na koki ndogo. Aliifungua, maji yakatoka kwenye kioo yakamwagika sakafuni, akaifunga, maji yakapanda tena mpaka pale yalipokuwa. Alitazama yakirudi. Kisha akaendelea na mengine. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilidhani anaosha kioo.

Mwezi wa saba, kipupwe kikali, homa ikamshika. Siku ya kwanza alikwenda kazini hivyo hivyo. Jioni, baada ya kuzima moto na boila kupoa, alifungua koki kubwa ya chini ili atoe tope, maana maji ya Gulwe yana chumvi na hujaza magamba ndani ya chuma. Alikuwa aijaze tena kwa pampu ya mkono. Lakini homa ilimpanda pale pale, akafunga tu ile koki, akaja nyumbani akitembea kama mlevi. Nilimlaza. Hakuniambia kitu, na mimi sikuuliza.

Asubuhi hakuweza kuinuka. Alikuwa akiongea maneno yasiyo na kichwa. Tangi la mlimani lilikuwa karibu kwisha, na katika nyumba mojawapo palikuwa na mama wa Kizungu aliyejifungua wiki ile, anahitaji maji ya moto. Mpishi wao alikwishateremka mara mbili kuuliza. Nilimwambia Danieli atakuja sasa hivi.

Kwa miaka kumi na sita nimejiambia kwamba nilikwenda kumsaidia mume wangu asifukuzwe kazi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuiwasha. Nilikuwa nimeitamani siku ile. Nilipokuacha kwa jirani na kuchukua ufunguo ukutani, moyo wangu ulikuwa mwepesi, na mume wangu anatetemeka kitandani. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, na sijamwambia mtu yeyote, hata yeye.

Nilifanya kila kitu. Niliinua valvu ya usalama, haikuwa imeganda. Nilitia mafuta pampu. Nilitazama kioo, na maji yalikuwa katikati kabisa, meupe, yametulia. Kioo kilikuwa safi. Nikaona hakuna haja ya kukiosha.

Nikapanga kuni, nikawasha.

Baada ya muda chuma kilianza kutoa zile sauti zake ndogo, na mshale wa geji ukatikisika. Nilikaa juu ya kile kigogo cha baba yako. Nakumbuka nilikunja mikono ya gauni langu. Moto ulikuwa mzuri na nikauongeza. Ilikuja harufu ya chuma kinachoungua, nikadhani ni rangi. Maji kwenye kioo yalikuwa pale pale, hayakuongezeka wala kupungua, nami nikafurahi kwamba yametulia. Sasa najua maji ya boila inayochemka hayatulii. Huchezacheza. Yale yalikuwa maji ya jana yake. Yalinaswa ndani ya kioo kwa sababu tope na magamba yalikuwa yameziba tundu la chini, wakati ndani ya boila yenyewe kulikuwa kumebaki kidogo tu, chini kabisa.

Baba yako aliona moshi kupitia dirisha. Homa na yote, aliona moshi wa boila ambayo alikuwa ameitoa maji kwa mikono yake mwenyewe. Alikuja amejifunga shuka tu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akanusa, akatazama geji, akatazama kioo, akafungua ile koki ndogo. Yalitoka matone machache, kisha hakuna. Akaifunga, na kioo kikabaki kitupu.

Akasema, "Toka."

Nikamwambia, "Maji yapo. Nimeyaona mwenyewe."

"Hakuna maji. Toka nje, Damari."

Alinisukuma kwa bega. Nilidhani amekasirika kwa kuwa mwanamke amegusa mtambo wake, na nilitoka nje nimenuna. Nisikilize vizuri hapa. Nilikuwa nimesimama juani nimekunja uso, nikipanga maneno ya kumjibu, wakati yeye yuko ndani akifanya kazi iliyokuwa yangu. Angeweza kutoka na mimi. Tungekimbia wote wawili. Lakini boila kavu yenye moto huweza kupasuka yote, na banda lile lilikuwa kwenye njia ya wanawake wanaokuja kisimani, na saa ile walikuwa wakiteremka. Kumwagia maji baridi hakufai, ni kuipasua papo hapo, hilo umefundishwa. Lililobaki ni kufungua mlango wa tanuri na kuuvuta moto wote nje kwa chuma. Ndicho alichokuwa akifanya.

Juu ya tanuri pana kile kizibo cha risasi, kilichowekwa kiyeyuke maji yakipungua, mvuke umwagikie moto na kuuzima. Kiliyeyuka akiwa mbele ya mlango. Sikusikia mlipuko. Nilisikia sauti kama shuka kubwa inayochanwa, ndefu, kisha mvuke mweupe ukajaa banda lote na kutoka juu ya kuta.

Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, mikono ameiinua mbele kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana. Mengine uliyaona utotoni na umekua nayo: jicho lake la kulia, mkono ule wa vidole vilivyogandamana, ngozi ya shingo. Wewe unakumbuka bandeji na harufu ya mafuta. Mimi nakumbuka kwamba jambo la kwanza aliloniuliza ni kama wanawake wameshapita.

Walimpeleka hospitali ya misheni. Siku ya nne mkuu wa wale mabwana wa ujenzi alikuja, akasimama upande wa kitanda na kofia mkononi. Hakuwa mtu mkali. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu ni nani aliyewasha boila bila maji. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta na kibuyu cha uji. Nilivuta pumzi. Baba yako aligeuza uso kidogo, akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki, na kabla sijasema akasema yeye.

"Ni mimi, Bwana. Nilikuwa na homa, sikutazama maji."

Yule bwana aliandika katika kitabu chake. Akasema anasikitika, lakini mtu asiyetazama maji hawezi kupewa mtambo tena. Akaondoka. Nami bado nilikuwa nimeshika kibuyu.

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Alisema, "Mimi nimeshaungua. Wakuchome na wewe kwa faida gani?" Alisema wangesema amemwachia mwanamke mtambo, wangemfukuza vilevile, na mimi wangenipeleka kwa DC, na wewe ungekaa na nani. Kisha akasema kitu ambacho nimekibeba zaidi. Alisema kosa ni lake, kwa sababu alinionyesha koki ile kwa miaka miwili bila kunieleza kazi yake. Nilimwambia ni langu kwa sababu sikuuliza. Tukabishana juu ya nani ana kosa, kila mmoja akilivutia kwake, mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Hatukulizungumza tena kwa miezi mingi.

Fundi Jivraj alikuja kuitengeneza boila. Alizibua tundu la kioo, akaja kutuona akiwa na donge la magamba kwenye karatasi, kubwa kama punje ya hindi. Alimwambia baba yako, "Danieli, koki hii nilikufundisha mimi, na sijawahi kukukuta hujaifungua. Hata ukiwa na homa ungeifungua." Fundi alinitazama mimi, kisha akalifunga lile donge na kulitia mfukoni. Nadhani alijua, na nadhani ndiyo sababu ulipomwendea miaka mitatu iliyopita hakukuuliza cheti wala mdhamini. Alikuambia njoo kesho.

Tulibaki Gulwe mpaka mavuno ya mwaka uliofuata, kwa sababu baba yako hakuweza kusafiri. Akaajiriwa mtu mwingine, Elia, kijana kutoka Mpwapwa. Kila asubuhi nilisikia mtambo ukianza kupumua, na niliweka uji wangu chini bila kuuonja. Nilikuwa nikijua jambo ambalo Elia huenda hakulijua. Maji ya Gulwe hayakuwa yamebadilika. Tundu lile lingeziba tena. Lakini nikimwambia, ataniuliza nimejuaje. Kwa wiki tano nilikaa kimya. Hesabu mwenyewe, asubuhi ngapi hizo. Nilikuwa nikikukumbatia na kukuziba masikio, wewe ukidhani ni mchezo.

Wiki ya sita nilikwenda. Nilimkuta amekwishapanga kuni. Nilimwamkia, nikamwambia mume wangu amenituma nimwombe afungue koki ya chini ya kioo. Alicheka kidogo, akasema kioo chake ni safi. Nikamwomba tena, na nadhani aliona uso wangu, kwa sababu aliacha kucheka akaifungua. Yalitoka maji kidogo, yakakatika. Aliifunga. Kioo hakikujaa.

Alikaa chini, Yeremia. Kijana mwenye nguvu, alikaa chini sakafuni.

Jioni alikuja nyumbani na jogoo kumshukuru baba yako kwa ujumbe. Danieli hakuwa amenituma kitu. Alimpokea yule jogoo kwa mkono wa kushoto, akamwambia Elia aifungue koki ile kila siku kabla hajagusa kuni, asiamini maji ambayo hajayaona yakiondoka na kurudi. Elia alipokwenda zake, baba yako aliniambia nimefanya vizuri. Nilikaa nje nikalia mpaka kukawa giza, kwa sababu nilikuwa nimechelewa wiki tano na Mungu alikuwa amenisubiri.

Ungedhani baada ya hapo nilijifunza kusema. Sikujifunza. Tulihamia hapa Makole, baba yako akapata kazi ya kutunza kanisa, ukakua. Ulipokuwa na miaka kumi na minne ulirudi shuleni siku moja umepigana, kwa kuwa mtoto fulani alimwita baba yako kipofu wa uzembe. Ulikaa mbele yake, ukiwa na damu puani, ukamuuliza. Hukuuliza kwa dharau. Ulitaka kweli kujua.

"Baba, kwa nini hukutazama maji?"

Alikujibu, "Siku ile sikutazama." Akaendelea kula.

Nilikuwa nikichambua mlenda, karibu nanyi kama nilivyo karibu na mlango huu. Niliona uso wako unavyobadilika. Ulikuwa umekuja umtetee, na alikunyima kitu cha kumtetea nacho. Kuanzia siku ile uliacha kumfuata kanisani kumsaidia na kengele. Yeye aliona. Mimi niliendelea kuchambua majani mpaka yakaisha, kisha nikachambua yale niliyokwisha kuyachambua. Kosa la boila nililifanya nikiwa sijui. Hili nililifanya najua.

Alipougua kifua mwaka ule aliofariki, nilimwomba ruhusa nikuambie. Alisema, "Akienda kwenye mashamba au dukani, muache, haimdhuru. Lakini akienda kwenye mitambo, mwambie."

Mwaka uliofuata ulikwenda kwa Fundi Jivraj. Miaka mitatu ulirudi kila jioni na grisi kwenye kucha, na kila jioni nilisema kesho. Umewahi kunitania kwamba mimi ndiye mwanamke pekee Makole asiyefunika sufuria. Ni kwa sababu siwezi kusikia kifuniko kikirukaruka juu ya mvuke. Nilikuwa nimekuandalia jibu la uongo hata kwa hilo.

Sasa unajua kwa nini naogopa, na naomba usiniambie nisiogope. Siogopi kwamba wewe ni mzembe. Hata ungekuwa mzembe, hofu yangu ingeongezeka kidogo tu. Naogopa lile neno ulilomwambia mzee Yakobo. Mimi nami nilikuwa na macho, mwanangu. Maji niliyaona. Nayaona mpaka leo, katikati ya kioo, meupe, yametulia, na sijawahi kuwa na uhakika wa jambo lolote maishani kama nilivyokuwa na uhakika wa maji yale.

Mtambo wa Manyoni umelala masika yote. Sijui ni nani aliyeuzima, wala alikuwa na hali gani siku hiyo, alikuwa na haraka, alikuwa mgonjwa, alikuwa na mkewe anayejifungua. Nawe hujui. Usimwamini mtu huyo, hata kama ni mtu mwema. Baba yako alikuwa mtu mwema, na aliacha boila bila maji. Utajua mengi kuliko mimi juu ya valvu na mabomba, Fundi amekufundisha. Lakini Jumatatu watakuwapo watu mlangoni, wapishi na wenye nyumba, wanaosubiri maji, na utatamani kuwaonyesha. Natambua utakavyojisikia kwa sababu nilijisikia hivyo hivyo nilipotoa ufunguo ukutani. Ukijisikia mwepesi hivyo, ngoja. Kaa kidogo. Waache wasubiri.

Najua pia kwamba barua hii inaweza kukufanya unichukie. Nimelifikiria hilo karibu maisha yako yote unayoyakumbuka. Umemwonea baba yako aibu kwa kosa langu, akafa akiwa ameibeba aibu hiyo, na mimi nilikuwa nikiwapakulia chakula wote wawili. Sina la kusema la kulipunguza. Ukitaka kukaa muda bila kuniandikia, nitaelewa, ila mpe Fundi neno tu kwamba Jumatatu imepita salama, yeye ataniambia.

Na mimi Jumatatu nina kazi yangu. Saa utakayokuwa ukifungua banda, nitakuwa nikienda dukani kwa Fundi Jivraj kumwambia alichokijua bila kuambiwa. Kisha nitakwenda kwa mzee Yakobo. Yeye namwogopa zaidi, kwa maana akijua yeye, watu wote wa kanisani watajua kabla ya Jumapili, nami nitapita katikati yao kwenda kukaa mahali pangu. Nimeshajaribu kutamka maneno yale peke yangu hapa nyumbani, sauti haitoki vizuri. Itatoka.

Huko Manyoni wapo watu waliopita Gulwe. Watakuuliza wewe ni wa nani. Waambie ni mtoto wa Danieli Ndahani, aliyekuta boila haina maji na moto umewaka, akamtoa mkewe nje, akarudi ndani. Na wakikuuliza nani aliyeiwasha, usinyamaze. Waambie: ni mama yangu, Damari, yuko hai, yuko Makole.

Ni mimi mama yako,

Damari